Chuo cha tiba kinataka kuanza jenomiki: mashine kwanza au watu kwanza?

#1 Mizani
Wakuu, habari. Naleta hoja, mnipige kwa hoja.

Chukulieni chuo cha tiba cha kawaida. Maabara ya PCR (kuzidisha vipande vya DNA) ipo na inafanya kazi, hospitali ya kufundishia iko ng'ambo ya geti, wanafunzi wa uzamili wapo, na limetokea fungu la mara moja la "kujenga uwezo wa jenomiki", yaani usomaji wa DNA yote ya kiumbe. Kamati inakaa, inatoka na orodha: sikwensa (mashine ya kusoma DNA) ya ukubwa wa kati, friza mbili za nyuzi -80, seva moja, na mafunzo ya siku tano kwa watu thelathini. Fungu kwisha.

Nadai orodha ya namna hii ndiyo inayozaa zile mashine zilizofunikwa kitambaa, zisizotumika. Sikwensa ilitakiwa inunuliwe mwisho kabisa. Miaka miwili ya mwanzo sampuli zipelekwe kusomwa kwa malipo mahali penye mashine tayari, pesa iende kwa watu na kwa uchimbaji wa DNA iliyo safi. Asiyekubali anieleze ni nini hasa kinachoziua hizi maabara.

#2 Msomaji_Kimya
Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye fani yao.

#3 Pipeti20
Mizani, kuogelea hakufundishwi ubaoni. Ukipeleka sampuli kwa wengine, kinachorudi ni faili. Sampuli 11 kati ya 96 zikifeli, ripoti itasema "DNA haikutosha", basi. Hakuna aliyejifunza kitu kwa sababu kosa limeonekana mikononi mwa watu wengine.

Anzeni na kidogo. MinION, sikwensa ndogo, inakaa kiganjani na inachomekwa kwenye kompyuta. Floseli yake (kibamba cha kusomea DNA) ina chaneli 512 na vitundu 2,048. Ikifika, ifanyieni ukaguzi mapema. Vitundu hai vikiwa chini ya 800, mtengenezaji anadaiwa nyingine. Wengi wanaitia kwenye jokofu, wanaikumbuka baada ya miezi minne, vitundu vimebaki 300 na dhamana imepita.

Halafu kuna kiputo cha hewa. Kabla ya kuingiza bafa, vuta nyuma maikrolita 20 hadi 30 kwa pipeti kubwa mpaka uone kimiminika kimegusa ncha, ndipo uingize polepole. Kiputo kikipita juu ya vitundu, vimekufa, hakuna kuviamsha. Mwanafunzi akiona kwenye skrini vitundu vinazimika kwa uzembe wa sekunde mbili, hilo hatalisahau.

Kuhusu DNA yenyewe msijitese. Pima kwa NanoDrop, kipimo cha mwanga, uwiano wa 260/280 (unaoonyesha usafi) ukisoma 1.8, songa mbele.

#4 Friza80
Mmekimbilia mashine, hakuna aliyetaja vitendanishi, yaani kemikali za kazi. Ndivyo vinavyoua.

Kiti (seti ya vitendanishi) moja ya kuandaa laibrari, yaani DNA iliyotayarishwa kusomwa, huja na visanduku viwili au vitatu: kimoja cha nyuzi -20, kingine cha 2 hadi 8, kingine cha joto la chumba. Shanga za sumaku za kusafishia DNA hazigandishwi kabisa. Sasa mpokea mizigo anaona barafu kavu kwenye boksi moja, anatupa yote kwenye friza, anasaini. Wiki tatu baadaye mtu analalamika kwamba DNA yote imepotea kwenye hatua ya kusafisha, na anaambiwa ajifunze kutumia pipeti.

Barafu kavu nayo ina hesabu yake. Boksi la kawaida hupoteza kilo 2 hadi 4 na nusu kwa siku, likiachwa juani zaidi. Lililopakiwa kwa siku tatu likikaa forodhani siku nne, mnapokea maji ya vuguvugu yenye lebo nzuri. Agizeni mzigo utue Jumatatu au Jumanne, vibali vikiwa vimeshatoka, na ndani ya boksi kuwe na kirekodi cha joto. Kisomwe mbele ya aliyeleta, kabla ya saini.

Kubwa kuliko yote ni manunuzi. Zabuni ikichukua miezi mitano na vitendanishi vikiisha muda kwa miezi sita hadi kumi na miwili, mzigo uliotengwa ghalani ukingoja makaratasi unaweza kupoteza karibu nusu ya uhai wake au zaidi. Dawa yake ni mkataba mmoja wa mwaka, mzigo uletwe kwa mafungu, na kila fungu liwe na muda usiopungua miezi sita siku ya kupokelewa.

#5 Kandambili
Kwa hiyo sikwensa inauawa na afisa manunuzi. Nimeelewa, naendelea kusoma 😂

#6 SevaBaridi
Friza80 uko sahihi nusu. Vitendanishi vikiwepo, mashine ikasoma, ndipo linapokuja ziwa la data ambalo hakuna aliyeliwekea bajeti.

Jenomu moja ya binadamu iliyosomwa kwa kina cha mara 30 (kila sehemu imesomwa kama mara 30) huja na faili za gigabaiti 60 hadi 100 zikiwa zimebanwa. Ukipanga vipande kwenye jenomu rejea unapata faili nyingine ya ukubwa huohuo, na katikati kuna za muda zinazojaza diski bila kupiga hodi. Jenomu 100 ni terabaiti kumi na zaidi. Ukihifadhi faili hizo kwa muundo wa CRAM badala ya BAM unaokoa karibu nusu.

Na intaneti: gigabaiti 100 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa 11 mfululizo, kama hakuna mtu mwingine chuoni anayeitumia. Jenomu 100 ni siku 46. Kwa hiyo wazo la Mizani la kupeleka sampuli nje lina gharama iliyojificha, kwani data lazima irudi. Ombeni irudi kwenye diski ngumu, mbili, zilizosafirishwa kwa nyakati tofauti, pamoja na faili ya hundi za md5 (alama za kuhakiki kwamba faili haijaharibika). Asiyehakiki md5 hugundua faili imekatika katikati siku ya kuandika tasnifu.

RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) si chelezo, yaani nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, RAID inafuta nakala zote kwa uaminifu mkubwa.

#7 Nukta_Moja
Namrekebisha Pipeti20 (#3) kabla mtu hajamfuata. NanoDrop inahesabu kila kinachofyonza mwanga wa nanomita 260: DNA, RNA, nyukleotidi zilizobaki, hata fenoli kidogo. Inaweza kukuonyesha nanogramu 80 kwa maikrolita wakati DNA yenye nyuzi mbili ni 25. Uitumie kukagua usafi tu: 260/280 karibu 1.8, na 260/230 kati ya 2.0 na 2.2. Huu wa pili ndio watu hawautazami, na ukiwa 0.9 maana yake chumvi ya guanidini (ya bafa ya kuchimbia DNA) imebaki, kimeng'enya kitagoma. Kiasi kipimwe kwa Qubit, kinachohesabu DNA yenye nyuzi mbili peke yake. Urefu wa vipande uangaliwe kwenye jeli, agarosi ya asilimia 0.8 inatosha.

Na kosa mara nyingi limeanza wodini. Damu ichukuliwe kwenye mirija ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Ikichukuliwa kwenye heparini, kifuniko cha kijani, heparini inafuatana na DNA na inazuia PCR. Maikrolita 200 za damu nzima hutoa mikrogramu 4 hadi 8 za DNA. Ukipata 0.5, usilaumu kiti. Uliza damu iligandishwa na kuyeyushwa mara ngapi.

#8 Pipeti20
#7 nimepokea, ni kweli nilifupisha mno. Kwa kiti ya ligesheni (ya kuunganisha ncha za DNA) inayotaka mikrogramu 1, kosa la NanoDrop ndilo linalofanya upakie theluthi ya ulichodhani umepakia.

#9 Bwana_Kodoni
Mnahangaika na MinION ya nini? Chuo kikiwa na MiSeq, sikwensa ya mezani, kinasoma wagonjwa wake chenyewe, jenomu nzima, habari imekwisha.

#10 Nukta_Moja
Piga hesabu kwanza, Kodoni. Jenomu ya binadamu ni besi bilioni 3.1. Mara 30 ni bilioni 93. MiSeq kwa kiti ya v3 ya mizunguko 600 hutoa hadi bilioni 15, na hukaa kama saa 56. Utahitaji raundi saba kwa mgonjwa mmoja, wiki mbili na ushee.

Ila kwa bakteria ni kitu kingine. Jenomu ya kifua kikuu ni besi milioni 4.4, kwa kina cha mara 50 ni milioni 220. Hata ukiacha nafasi ya kutolingana, sampuli 24 kwa raundi zinakaa bila kubanana. Na kirusi cha korona ni besi elfu 30 tu. Kwa hiyo mashine haichaguliwi kabla ya kujua mnasoma nini. Nusu ya zile zilizofunikwa kitambaa zilinunuliwa kabla ya swali.

#11 Bwana_Kodoni
Nimejificha chini ya meza 🙈

#12 DktZamu
Nukta amekaribia penyewe. Mimi nasema kinachoua ni kukosa swali la hospitalini. Daktari wa wodi ya watoto hahitaji "jenomiki". Anahitaji kujua kama mtoto huyu ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kama degedege hili lina chanzo kwenye jeni moja, kama dawa fulani itamdhuru. Maswali hayo yakishajulikana, kazi nyingi zinamalizwa na PCR na Sanger (usomaji wa kipande kimoja kimoja cha DNA), bila sikwensa kubwa.

Mnaowafundisha kuendesha mashine ni wachache, lakini watakaosoma ripoti ni madaktari wote. Wangapi wanajua ripoti ya badiliko la jeni imeandikwa kwa ngazi tano za mwongozo wa Marekani wa 2015: linasababisha ugonjwa, huenda linasababisha, maana haijulikani, huenda halina madhara, halina madhara? Ile ya katikati ndiyo tatizo. Daktari asiyefundishwa huisoma "maana haijulikani" kama "amekutwa nalo", anampasua mgonjwa au anawatisha ndugu zake.

Na hatari ya upande wa pili: mwaka 2016 jarida la tiba la New England lilichapisha uchambuzi ulioonyesha Wamarekani weusi waliowahi kuambiwa wana mabadiliko ya kusababisha ugonjwa wa kunenepa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Makundi ya kulinganishia hayakuwa na watu weusi wa kutosha. Kwa hiyo chuo kikikusanya data nzuri ya watu wenye afya wa jamii yake tu, hata bila wagonjwa, kimeshafanya kazi ya tiba.

#13 Mvivu_wa_Lugha
Swali dogo nje ya mada. Hivi "jenomiki" ni Kiswahili? Kwani "vinasaba" imekosa nini?

#14 DktZamu
Vinasaba wengine wanakitumia kwa jeni, wengine kwa DNA yote, na magazeti wakisema "kipimo cha vinasaba" wanamaanisha kesi za baba wa mtoto. Ukimwambia mama tunapima vinasaba vya mwanao, mume anasimama.

#15 Kandambili
#14 😂😂 Hiyo nayo iingie kwenye fomu ya ridhaa.

#16 Ridhaa
Kandambili unatania, ila inaingia kweli. Fomu iseme wazi kwamba kipimo hakitafutii mtu baba, na mtafiti awe ameshaamua afanye nini akigundua kwamba baba si baba. Uamuzi wa kawaida ni kutosema, lakini uandikwe kabla.

Fomu nyingi zinaandikwa kwa utafiti mmoja, sampuli zinahifadhiwa, miaka mitatu baadaye linakuja swali jipya, na kamati ya maadili inakataa kwa haki. Wekeni ngazi za kuchagua: utafiti huu tu, magonjwa ya aina hii, utafiti wowote wa afya ukipitiwa na kamati. Kila ngazi iwe safu kwenye hifadhidata. Kinyume chake mtafungua makabati ya karatasi 2,000 kutafuta nani alikubali nini. Na pendekezo la Mizani la kupeleka sampuli nje linataka mkataba wa kuhamisha sampuli na mwingine wa data, ukitaja mabaki yatateketezwa au yatarudi, na nani anaandika jina la kwanza kwenye makala. Mikataba hii huchukua miezi. Anza nayo siku unayoanza kuandika andiko la mradi.

#17 Mkufunzi_K
Nirudi kwenye yale mafunzo ya siku tano, ndiyo pesa iliyopotea kuliko zote. Siku ya kwanza kufungua ukurasa wa amri, ya pili programu hazikubali kusakinishwa, ya tatu nusu wamerudi wodini. Ya tano vyeti.

Mfumo uliothibitika ni wa darasa la mbali lenye wasaidizi wa papo hapo. H3ABioNet, mtandao wa Afrika, waliuanza 2016 kwa kozi ya utangulizi wa bioinfomatiki (uchambuzi wa data ya DNA kwa kompyuta): mihadhara imerekodiwa, vyuo vingi vinaangalia kwa pamoja, kila darasa lina mwalimu msaidizi na mtu wa kompyuta, vipindi viwili kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Mtu habanduki kazini, na anayekwama anasaidiwa na aliye kando yake.

Mazoezi yasingoje sampuli zenu. Data ya mradi wa Jenomu 1000 iko wazi, watu 2,504 kutoka jamii 26. Iko pia data ya mtu wa marejeo NA12878 yenye majibu yaliyohakikiwa. Mpe mwanafunzi faili ghafi, aikague kwa programu ya FastQC, aipange kwa bwa, atafute mabadiliko kwa GATK au bcftools, halafu alinganishe na majibu kwa hap.py. Akikosa, ajue amekosa wapi. Asiyejua amri aanzie Galaxy kwenye kivinjari, lakini asiishie hapo.

Mitego mitatu ipigiwe kengele wiki ya kwanza. Kuchanganya GRCh37 na GRCh38, matoleo mawili ya jenomu rejea, ambapo kila kitu kinaonekana kiko sawa na kila nafasi si yake. Faili moja kuandika kromosomu ya kwanza "chr1" na nyingine "1", programu inatoa jibu tupu bila kulalamika. Na Excel: jeni SEPT2 iligeuzwa tarehe mara nyingi hivi kwamba uchambuzi wa 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo kwenye takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel. Mwaka 2020 jeni zenyewe zikabadilishwa majina, sasa ni SEPTIN2. Binadamu wameishinda Excel kwa kuhama mtaa.

#18 Ikama
Mkufunzi, hao unaowafundisha wanaajiriwa kwa cheo gani? Hilo ndilo jibu la swali la #1. Muundo wa utumishi una mteknolojia wa maabara, una afisa TEHAMA, una mhadhiri. Mtu wa bioinfomatiki hayumo. Analipwa na mradi, mradi ukiisha anaondoka na maarifa yote, mpaka nywila za seva. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nafasi mbili za kudumu, hata za ngazi ya chini, zinashinda mafunzo ya watu thelathini. Na kwenye vigezo vya kupandishwa cheo, jina la katikati kwenye makala ya waandishi 40 lihesabiwe kitu, maana kazi hizi haziandikwi na watu wawili.

#19 SevaBaridi
#18 nakuunga mkono ila si yote. Akiondoka mtu, kazi inaweza kubaki kama mtiririko wa uchambuzi umeandikwa kwa programu ya Nextflow au Snakemake, matoleo ya programu yamefungwa kwenye kontena (kifurushi kimoja), na kila kitu kiko kwenye git, inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko. Kinachoondoka na mtu ni skripti iitwayo "mwisho_kabisa_2.sh" iliyo kwenye kompyuta yake ya mapajani.

#20 Ikama
Na nani atasasisha hizo kontena? Tunazunguka, tunarudi palepale: mtu.

#21 Friza80
Wakati mnazunguka, nitupie la usalama, maana wanafunzi wapya wanalifanya. Taka za kuchimba DNA zenye bafa ya guanidini zisimwagiwe jiki au klorini yoyote. Inatoka gesi ya sumu ya jamii ya sayanidi. Klorini ni ya kufutia meza, na meza isiwe na bafa hiyo. Chombo cha taka za guanidini kiwe na lebo, kikae peke yake.

Na vyumba: kuandaa mchanganyiko wa PCR kuwe mbali na kunakofunguliwa mirija iliyokwisha kuzidishwa. Mtu anatoka kwenye kisafi kwenda kwenye kichafu, harudi na koti lilelile siku hiyo. Kontroli hasi (mrija usio na DNA) ikianza kutoa majibu, mmechelewa miezi.

#22 Mizani
Asanteni. Nakubali kurekebisha: MinION moja ya kufundishia mapema, sikwensa kubwa ingoje. Kwenye bajeti naongeza mkataba wa matengenezo, ambao mara nyingi hukaribia asilimia 10 ya bei ya mashine kila mwaka, na kamati huwa haiuoni. Bado nasema watu kwanza.

Ila hakuna aliyegusa sampuli kuchanganyika.

#23 Nukta_Moja
Hiyo hukaguliwa kwa data yenyewe. Programu ya PLINK ina amri ya kukagua jinsi: kipimo chake kwenye kromosomu X kikiwa chini ya 0.2 ni mwanamke, juu ya 0.8 ni mwanamume. Ukikuta "wanaume" kumi na wawili waliofuatana kwenye sahani ya sampuli wamesoma kike, hapo ni safu nzima, sahani imegeuzwa. Angalia pia undugu: watu wawili wanaofanana asilimia 100 na si pacha wa kufanana ni mrija mmoja uliopewa namba mbili.

La pili linaua makala kimyakimya: wagonjwa wote kwenye sahani ya kwanza, wenye afya kwenye ya pili. Tofauti utakayoipata ni ya Jumatatu na Alhamisi, haihusu ugonjwa. Changanya kwa bahati nasibu kabla ya kuchimba DNA, usingoje uchambuzi.

#24 Pipeti20
Na watu wa kipimo cha jeni moja kwa bakteria, 16S, kwenye mashine za Illumina: ongezeni PhiX (DNA ya kirusi inayojulikana) asilimia 10 hadi 20. Vipande vyote vikianza na herufi zilezile kamera inachanganyikiwa. Mnalaumu mashine bure.

#25 Msomaji_Kimya
Nimesoma yote, naomba niulize. Ile ambayo tayari imefunikwa kitambaa miaka mitatu, inafufuka?

#26 Friza80
Kwanza muulizeni mtengenezaji kama modeli hiyo bado inahudumiwa na vitendanishi vyake bado vinatengenezwa. Jibu likiwa hapana, iondoeni kwenye hesabu, iwe ya maonyesho darasani. Likiwa ndiyo, msiiwashe na kuipakia sampuli. Fundi aje, aangalie mirija, pampu na mwanga, kisha ioshwe mara kadhaa, halafu raundi ya PhiX peke yake bila sampuli ya mtu. Ubora ukikubaliana na viwango vya mtengenezaji, raundi ya pili iwe ya sampuli mlizokwisha kujua majibu yake. Wagonjwa waje raundi ya tatu. Kabla ya hapo hakikisheni UPS inabeba mashine na kompyuta yake mpaka jenereta ishike. Raundi ya saa 56 ikikatika saa ya 50, haiendelei ilipoishia.

#27 Kandambili
Na kitambaa tutupe?

#28 Friza80
Kibaki. Vumbi halijui kama mashine imefufuka.